Maiki ya Osewe Imekataa Kusikia

Benchi langu liko hapa Kianda, ukishuka kidogo kutoka steji ya Olympic, katikati ya kinyozi na mtaro. Nasema langu kwa sababu mbao nilinunua mimi, misumari nikapiga mimi, na birika la kahawa tungu linalowavuta watu hapa nililirithi kwa baba yangu. Wanaoketi wanadhani benchi ni la serikali, ndiyo maana kila mmoja ana nafasi yake ya kudumu na hakuna anayenunua kikombe cha pili. Upande wa kinyozi hukaa Okoth, tunamwita Wakili. Aliwahi kupika chai kortini, akafutwa, na tangu siku hiyo hajakubali hukumu ya mtu yeyote. Katikati ni Wesonga, jina la mtaa Stima, ndiye anayetuvutia umeme juu ya mabati kwa waya ambazo wenye umeme hawazijui. Upande wa mtaro ni Osewe, Prodyuza, ambaye mpaka leo hajaprodyuzi hata kikohozi. Nafasi ya nne, ile yenye kivuli, ilikuwa ya Mbithi. Siku hizi naweka birika hapo.

Ilikuwa Februari 2008, baada ya fujo za uchaguzi. Wakubwa walikuwa hotelini wanagawana serikali, na sisi huku chini tulikuwa tumeshamaliza kugawana tulivyovipata. Mtaa ulikuwa umetulia, ule utulivu wa mtoto aliyevunja kikombe. Asubuhi hiyo Osewe akaja amekumbatia kitu kilichofungwa kwa tishati nyeupe, imeandikwa AMANI mgongoni.

— Niaje wazee. Sogeeni kidogo. Mbithi, hebu... aah, Ishmael, toa hiyo birika.

— Birika halitoki, nikamwambia. Pakata mzigo wako.

Akaupakata, akafungua tishati polepole, eti anatuonyesha mtoto. Ndani mlikuwa na kiboksi cheusi cha chuma, nobu mbili za kuzungusha mbele, na maiki moja nene imelala kando.

— Redio ya gari? Stima akauliza.

— Redio ya gari nyanya yako. Hii ni priampu.

— Pri nini?

— Priampu! Manze nyinyi ni washamba. Maiki ikishika sauti, inashika kidogo sana, ni kama umeongea chini ya blanketi. Sasa hii inachukua hiyo sauti kidogo, inaifanya kubwa, ndio iingie kwa kompyuta ikiwa na nguvu. Bila hii unarekodi wimbo unaskika ni kama uliimbia chooni.

— Na si wewe huimbia chooni? akasema Wakili.

— Umetoa wapi? Stima akauliza.

— Kawangware. Pale steji ya 56, nyuma ya hardware, kuna msee anamwaga vitu kwa gunia. Remote, chaja, pasi. Hii ilikuwa chini kabisa, na maiki yake. Ni secondhand lakini ni ya Ulaya.

— Ulaya ya Januari, nikasema.

Kando ya nobu ya kushoto kulikuwa na alama ndogo nyekundu, imepakwa kwa Cutex, ile rangi ya kucha. Mimi niliiona. Wakili aliiona. Stima aliiona, halafu akainua macho akaanza kukagua mawingu kama mkulima.

Wacha nikueleze wewe, kwa sababu hawa hawatakueleza. Mbithi alikuwa na studio kwenye keja yake, chumba kimoja, plot ya hapa nyuma. Studio ni neno kubwa. Ilikuwa kitanda, kompyuta, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani ili mabati yasirudishe sauti, na hicho kiboksi. Mtaa mzima ulirekodi pale, kwaya za kanisa, marapa, mpaka tangazo la mazishi. Mbele ya keja mkewe Kalekye alikuwa na duka la unga na sukari, na mteja akiingia kuimba yeye aliliacha duka, akaja kukaa kwenye nobu. Alama ile aliipaka mwenyewe, eti wasiojua wasipite hapo wakachoma vitu. Miaka yote Mbithi alikuwa Mbithi tu. Siku mtu wa kwao alipoingia serikali tuliyosema imeiba kura, Januari, ghafla akawa Mkamba. Waliondoka na watoto na nguo walizovaa. Duka likafunguliwa bila ufunguo, na wiki hiyo Kianda nzima ilinukia chapati. Mimi kahawa yangu haina sukari, kwa hivyo usiniulize mambo ya sukari. Kashata ninazouza ndizo huwa na sukari. Hayo tuyaache.

— Ulilipa na nini? Wakili akamuuliza Osewe.

— Niliuza godoro.

— Godoro? Si ni wewe ulisema studio ni godoro?

— Nitatundika blanketi.

— Na utajifunika nini?

— Amani haina usingizi, bro.

Na hapo sasa ndipo palipokuwa na moto wenyewe. Jumamosi watu wa shirika moja walikuwa wanakuja ukumbini Ayany kusikiliza nyimbo za amani. Walitaka CD. Wimbo utakaoshinda ungepigwa redioni, kila siku, nchi nzima. Basi hukuona mtaa umegeuka? Watu waliokuwa wanarusha mawe Januari sasa wanarusha kiitikio. Kila kona kuna kwaya, kila kwaya ina njiwa kwenye bango. Lakini Osewe, nitasema ukweli ingawa ananikasirisha, Osewe hakutaka hela ya mtu wala safari. Mama yake kule Bondo anawaambia majirani kwamba kijana wake ni fundi wa bomba, kwa sababu anaona haya kusema ni mwimbaji ambaye hakuna aliyemsikia. Osewe alitaka mama awashe redio amsikie. Hilo tu. Angeuza na meno.

— Wimbo unaitwaje? Wakili akauliza, ingawa tulishausikia mpaka kuku wanaujua.

— Jirani Rudi.

Akaimba, macho amefunga:

— *Jirani rudi, rudi nyumbani, chai iko tayari, mlango uko wazi...*

Mlango uko wazi, hapo hajasema uongo. Mlango wa Mbithi wenyewe ulibebwa. Halafu keja ile Stima akahamia, akaweka pazia.

— Hapo kwa mlango, Stima akasema, si ubadilishe kidogo? Sema tu, jirani rudi... lakini piga simu kwanza.

— Haiingii kwa beat.

— Basi sema jirani tuko pamoja. Kurudi ni maneno ya haraka.

Wakili akapiga meza, na meza hatuna, kwa hivyo alipiga paja langu.

— Iwashe tuone kama hukuuziwa matofali.

Stima akavuta waya kutoka kwa kinyozi. Tukaunganisha kiboksi na redio kubwa ya kinyozi, ile yenye spika juu ya mlango inayotuamsha na injili. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Osewe akashika maiki kwa mikono miwili.

— One two. One two. Check.

Kimya.

— One two!

Spika haikutoa hata mkwaruzo.

— Hiyo one two ndio shida, akasema Wakili. Pale kwa... pale kwingine hatukuwa tunasema one two.

Ni kweli. Mbithi alikataza. Alikuwa anasema mtu akisema one two anajifanya MC, anapaza sauti ambayo si yake, halafu akianza kuimba sauti inashuka na kipimo chote kinaharibika. Yeye alikuwekea maiki mdomoni akakuuliza swali moja tu: jana ulikula nini? Basi ukianza kueleza sukuma yako, unajisahau, sauti yako yenyewe inatoka, na Kalekye anazungusha nobu mpaka kwenye alama. Hakuna aliyerekodi kwa Mbithi bila kutaja chakula chake kwanza.

Wakili akamnyang'anya Osewe maiki.

— Jana mimi nilikula nyama choma, kilo, na kachumbari, na soda baridi.

Kimya.

— Hata maiki imekataa huo uongo, akasema Stima.

— Lete hapa, akaichukua Stima. Jana nilikula githeri.

Kimya vilevile.

— Na hiyo ni ukweli, nikasema. Nilikuona.

— Basi haijui Kiswahili.

Osewe akaanza kutoka jasho. Akazungusha nobu zote mpaka mwisho, akarudisha, akatikisa kiboksi sikioni kama mtu anayechagua nazi.

— Tulieni, akasema Wakili. Sheria iko wazi. Debe tupu haliachi kuvuma. Hii inavuma?

— Haivumi.

— Basi imejaa. Kuna kitu ndani.

— Kitu gani?

— Sijui. Lakini ushahidi ni huo.

— Shida ni stima, akasema Stima. Stima ya Ulaya inatoka kwa mtambo inakuja moja kwa moja. Hii yetu imepitia kwa posho mill, saluni mbili na kanisa. Ikifika hapa imechoka. Inawasha taa, lakini haina nguvu ya kubeba mtu.

— Kinyozi si ananyoa na hiyo hiyo?

— Kunyoa ni kazi rahisi. Nywele haziongei.

— Na hii rangi nyekundu? akasema Wakili, akigusa alama kwa ukucha mrefu wa kidole cha mwisho.

Kila mtu alikuwa anatafuta uongo wake.

— Hiyo ni alama ya kiwanda, akasema Osewe. Wajapani huweka. Inamaanisha hatari.

— Ulisema ni ya Ulaya.

— Wajapani wa Ulaya.

— Mimi naona ni damu, akasema Stima.

— Damu hukauka ikawa nyeusi, nikawaambia. Hiyo ni Cutex.

— Ishmael, wewe pika kahawa, akasema Wakili.

Akageuza kiboksi akaanza kusoma nyuma, akikunja uso vile majaji walikuwa wanakunja akiwapelekea chai baridi.

— Aha! Hapa kuna kaswichi. Kameandikwa alama ya kujumlisha, halafu arobaini na nane, halafu herufi V.

— Hiyo ni nini?

— Wacha nifikirie. Kenya ina makabila mangapi?

— Arobaini na mbili.

— Na hii imeandikwa arobaini na nane. Sasa hao sita wametoka wapi?

— Ngoja, ngoja, akasema Stima, amesimama. Umesema kujumlisha?

— Kujumlisha.

— Arobaini na nane, halafu V?

— V ya vote, kura, akasema Wakili polepole. Yawa. Kujumlisha vote arobaini na nane.

Kinyozi akatoka na mashine mkononi, amemwacha mteja nusu kichwa.

— Osewe, Wakili akaendelea, ni wewe ulituambia. Hii kitu inachukua sauti ya mtu mmoja, inaitoa kubwa ni kama ya watu mia. Ulisema ama hukusema?

— Nilisema, lakini ni sauti. Si kura.

— Na kura ni nini? Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu! Wewe umebeba ile mashine, omera. Hii ndio ilikuwa Desemba pale walipofungiana kuhesabu kura. Watu wanalala, inajumlisha. Asubuhi ukiamka jirani yako mmoja amekuwa elfu.

— Na ilifikaje kwa gunia Kawangware?

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Imetembea.

Hapo alisema neno la kweli bila kujua. Kiboksi kilitoka Kianda mgongoni mwa mtu, kikaenda Kawangware, kikanunuliwa kwa godoro, kikarudi Kianda. Sikumwambia.

— Bonyeza basi tuone, akasema kinyozi.

— Usiguse! Stima akaruka. Arobaini na nane ni volti. Ukibonyeza, inapanda na waya mpaka kwa maiki. Na maiki iko wapi? Mdomoni. Kuna jamaa kule Gatwekera alibonyeza kitu kama hiyo, meno zote zikatoka, zikapangana chini vile zilikuwa.

— Jina lake?

— Hawezi kulisema sasa, hana meno.

Basi swichi ikaachwa. Wanaume wazima wanne, na kinyozi wa tano, tumeizunguka kama nyoka. Osewe akaweka maiki juu ya magoti akaitazama.

— Jumamosi ni kesho kutwa, akasema. Jamani. Mimi nimeuza godoro.

Nikamwongezea kahawa bila kumuuliza.

— Prodyuza, akasema Wakili, akainama karibu, wacha nikwambie kile hawa wanaogopa kusema. Hiyo kitu imefungwa.

— Imefungwa na nini?

— Nani ana dawa za kufunga vitu Kenya hii? Watu wa Kitui hawaachi mali hivi hivi. Kuna mtu Kawangware aliiba TV ya Mkamba. Aliifikisha kwake, akaiwasha, akaanza kula nyasi. Mbele ya watoto wake.

— Wacha ujinga.

— Si ujinga. Alimaliza nyasi yote ya chifu.

— Na... Stima akakohoa. Na kama mtu hajaiba kitu, analala tu kwa nyumba yake?

— Kitanda umeangalisha wapi?

— Ukutani.

— Mm.

— Mm nini? Wakili, mm nini?

— Na kama mtu alikula kitu yake? Osewe akauliza.

Niliona mkono wa Wakili ukiteremka polepole mpaka tumboni, ukakaa hapo. Siku ile duka lilipofunguliwa alibeba bandali nzima ya unga kichwani, akipita mbele ya benchi langu, akisema anaihifadhi kama exhibit, ushahidi wa korti.

— Ya chakula ni tofauti, akasema. Ikishatoka kwa tumbo, hakuna exhibit. Kesi imefungwa.

— Lakini si mumuulize mwenyewe? nikasema.

— Mwenyewe nani? wakasema wote watatu kwa pamoja, vizuri kabisa, kuliko kwaya yoyote ya Jumamosi.

Osewe akajikuna shingo.

— Kusema ukweli nilimtext. Jana.

— Ulimtext Mbithi?

— Niliandika tu, niaje bro, amani, ile maiki yako inawashwa aje, ni haraka.

Sikuamini masikio yangu. Mwezi mzima hujamuuliza mtu kama yuko hai, kama watoto walikula, halafu unamuuliza kitu chake kilichoibwa kinawashwaje! Na ni haraka!

— Umeandika *yako*? Wakili alikuwa ameshika kichwa. Umeandika maiki *yako*? Osewe, umekiri! Ungesema maiki fulani! Maiki ya rafiki!

— Alijibu? Stima akauliza.

— Hajajibu.

— Shukuru.

Ni kinyozi aliyemwona kwanza. Alirudi ndani haraka kumaliza kile kichwa. Mimi nikageuka. Mwanamke alikuwa anashuka kutoka upande wa Olympic, leso kiunoni, mfuko wa plastiki mkononi, anatembea bila haraka, akitazama kila mlango anaoupita. Kalekye alikuwa amekonda.

— Mama Mwende! Wakili akasimama, mikono wazi. Umepotea sana!

— Sikupotea, Okoth. Mnajua nilienda wapi.

— Aki tumewakosa, akasema Stima. Mtaa si ule bila nyinyi.

— Naona. Pazia yangu ilitosha mlango?

Stima akaketi. Akaangalia viatu vyake, navyo sina hakika vilikuwa vyake.

— Mzee yuko aje? nikamuuliza.

— Yuko Kawangware, kwa keja ya dada yangu. Hatoki. Anakaa kitandani na viatu. Kalekye akamgeukia Osewe. Text yako alisoma. Alicheka mpaka akalia. Ni mara ya kwanza acheke tangu tutoke hapa. Akaniambia, nenda uwawashie, hao watachoma kitu. Akasema maiki haina makosa.

Mimi nikafanya jambo ambalo sikuwa nimefanya tangu Januari: nikaondoa birika kabisa kwenye nafasi ya Mbithi, nikapangusa majivu kwa mkono. Kalekye akakaa hapo. Nikammiminia kikombe, akakiweka chini bila kukionja.

— Leteni.

Akakipokea kiboksi, akapitisha kidole gumba juu ya ile alama nyekundu, mara moja tu. Kisha akakigeuza nyuma.

— Hamjabonyeza hapa.

— Usi... Stima akaanza.

Akabonyeza. Hakuna jino lililotoka.

— Maiki ya aina hii haiskii mpaka ilishwe stima kidogo, akasema. Hiyo swichi ndio inalisha. Ikiwa na njaa inanyamaza tu.

Spika ya kinyozi ikafunguka. Hujui ulikuwa husikii mpaka siku unasikia. Mkaa wangu ukawa unalia juu ya mlango. Mashine ya kinyozi, miguu ya kuku, kiti kikilalamika, vyote vilitoka pale juu, vikubwa, kuelekea Olympic. Watoto wakaacha mchezo wakaja. Kalekye akasogeza nobu, akaisimamisha maiki juu ya benchi kati yake na Osewe, ameiegemeza kwa debe langu la kashata.

— Kazi mnaijua. Osewe, karibia. Ulikula nini?

— Jana? Jana nilikula ugali na omena.

*Omena*, ikasema spika, na ng'ambo ya mtaro mama mmoja akageuka. Osewe akashtuka. Akagusa koo lake. Hiyo ilikuwa sauti yake, haikuwa ya chooni wala ya blanketi, ilikuwa nzito na safi, na ilikuwa nzuri. Lazima niseme ilikuwa nzuri. Macho yake yalijaa maji hapo hapo.

— Ni mimi huyo? akauliza, na spika ikauliza naye.

— Ni wewe. Endelea. Na nini ingine?

— Na sukuma kidogo. Na chai ya rangi.

— Sawa. Nobu ikafika kwenye alama, ikasimama. Sasa wacha ya jana. Siku ile mlifungua duka yangu. Siku hiyo mlikula nini?

Kwanza nilidhani stima imepotea. Lakini taa ya kijani ilikuwa inawaka. Maiki ilikuwa imesimama pale inasikiliza. Kinyozi alizima mashine, na hata kuzima kwenyewe kulisikika. Wakili akameza mate. Jamani, mate! Yalitoka kwenye spika, yakashuka kooni mwake mbele ya mtaa mzima, na mtoto mmoja akacheka, mama yake akamvuta sikio.

Kalekye hakuinua sauti. Akaisogeza maiki kidogo.

— Wesonga?

Stima alitazama upande wa plot ya nyuma, akarudisha macho chini.

— Okoth? Wewe huwa na maneno.

Wakili alifungua mdomo, akaufunga, na hata huko kufunga tulikusikia.

Kisha Kalekye akaigeuza maiki upande wangu. Sikutegemea. Mimi ni mtu wa kahawa, mimi sikuvunja mlango wa mtu. Aliangalia lile debe la kashata, akaniangalia mimi.

— Ishmael?

Nikashika birika haraka nimwongezee kahawa, na kikombe chake kilikuwa kimejaa. Nikaliinamisha juu ya kikombe changu. Hapakutoka kitu. Birika lilikuwa tupu, na spika ikalitangaza, koo-koo-koo, mpaka nikaliweka chini.

Kalekye akaangalia ile taa ndogo, vile alivyokuwa akiiangalia zamani, kichwa kimeinama upande.

— Inashika vizuri, akasema. Haya, imbeni.

Osewe akavuta pumzi, na ikasikika mpaka ng'ambo ya mtaro. Akaiachia. Akavuta nyingine.